Wakuu, mbuzi wa marakaraka ni yupi na wa madoadoa ni yupi? Neno moja limeniletea mbuzi asiye wangu

#1 Mwana_Handeni (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Nina jambo ambalo wengine mtaliona dogo ila mimi limenikaa moyoni wiki ya pili sasa, nimeona bora nilete hapa sababu humu kuna walimu, wafugaji, mafundi, watu wa pwani na wa bara, kila mtu ana Kiswahili chake.

Kisa chenyewe. Mama yangu yuko kijijini Handeni, ana mbuzi wake kama kumi na nane hivi. Nilikua na aqika (ile shughuli ya kumchinjia mtoto mbuzi) ya binti yangu huku Chanika, mama akasema usihangaike kununua mbuzi wa watu wakati nyumbani wapo, ntakutumia mmoja. Siku yenyewe mama alikua msibani kijiji cha pili, akampigia mpwa wangu ndo alikua nyumbani, akamwambia "mkamate yule jike wa marakaraka umpe kijana wa kenta." Maneno hayo tu. Mpwa wangu kamaliza fomu foo juzi juzi na ana B ya Kiswahili, lakini marakaraka hajui ni nini, akaona aibu kumuuliza bibi yake akauliza wenzake kwenye simu, wakamwambia marakaraka si ndo madoadoa tu, neno la kizamani. Basi akaingia zizini akamkamata wa madoadoa.

Alfajiri kenta inashusha mzigo namuona mbuzi mweupe ana vidoa vyeusi vidogo vidogo mwili mzima kama mtu kamkung'utia peni ya wino, tumbo limejaa huku na huku, kiwele kimeshuka. Mimba kubwa kabisa. Nikampigia mama nikamwelezea alivyo, akakaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika, afu akasema "baba, huyo ndo niliyekua namsubiria."

Sikumchinja. Nilienda mnada wa Pugu nikanunua mwingine, shughuli ikapita salama alhamdulillah, na huyu yupo hapa uani kwangu kafungwa kwenye mwarobaini anakula majani ya mgomba. Kumrudisha Handeni na ile hali kwenye kenta usiku kucha siwezi.

Mpwa wangu simlaumu na naomba mtu asimseme vibaya. Nilipouliza hapa mtaani kijana na mtu mzima nikagundua nusu ya watu wangefanya alichofanya yeye. Kila kitu sikuizi ni madoadoa. Ng'ombe madoadoa, gauni madoadoa, ukuta madoadoa, ndizi imeiva sana madoadoa. Tulikua na maneno sita saba, tumebaki na moja.

Mama hajasoma zaidi ya darasa la nne ila kwenye rangi ya mfugo hakosei, na mimi nimekulia kwenye lile zizi kwaiyo nieleze ninavyojua. Doa ni moja. Tone la chai kwenye shati jeupe ni doa. Likiwa dogo sana ni kipaku. Yakiwa mengi, madogo, yametawanyika na kila moja lina mpaka wake, hayo ndo madoadoa. Baka ni kubwa kuliko doa na halina umbo, limekaa kama ramani, ng'ombe mweupe mwenye weusi ulioanzia begani ukashuka mpaka tumboni huyo ana baka. Milia mnaijua wote. Sasa marakaraka ni pale ambapo huwezi kusema tena rangi ya chini ni ipi, nyeusi imeingia kwenye kahawia, kahawia imeingia kwenye nyeupe, pengine na kijivu kimepita katikati, ukiulizwa huyu ni mweupe mwenye weusi au mweusi mwenye weupe unakosa jibu. Mbuzi wa madoadoa ana rangi yake halafu ana madoa juu yake. Wa marakaraka ule mchanganyiko wenyewe ndo rangi yake.

Ndo ninavyojua mimi. Naomba michango, kwenu mnasemaje?

#2 Ng'ombe_watano

Pole sana mkuu. Ila hongera kwa kutomchinja.

#3 Kisu_Kikali

Mkuu nakuelewa uchungu wako ila naona unalilazimisha neno. Kamusi niliyonayo hapa nyumbani ukitafuta marakaraka inakwambia rangi mbalimbali, madoadoa. Yaani inalieleza hilo kwa hili. Kama wenye kamusi wenyewe wameona ni kitu kimoja sisi ni nani? Lugha inakwenda na watu, vijana wakisema madoadoa na wakaelewana basi neno limefanya kazi yake.

#4 Mwana_Handeni (mleta uzi)

@Kisu_Kikali ndo hapo sasa, hawakuelewana. Mbuzi yupo uani kwangu.

#5 Mkufunzi_K

Nifundishe kidogo kwa ruhusa ya mleta uzi maana hili somo nalipenda.

Angalieni maneno haya yalivyoundwa. Doa, madoa, madoadoa. Baka, mabaka, mabakabaka (wengine mabakamabaka). Mraba, miraba, mirabaraba. Na marakaraka imetoka palepale penye kiraka. Kiraka ni kile kipande cha kitambaa unachoshonea suruali iliyotoboka, kipande kikubwa ni raka, yakiwa mengi ni maraka, ukirudia ndo marakaraka. Kwaiyo mnyama wa marakaraka ni kama nguo iliyoungwa viraka tupu mpaka kitambaa cha mwanzo hakionekani. Maelezo ya mama yake mleta uzi kwamba "huoni rangi ya chini" yamekaa ndani ya neno lenyewe, na yeye wala hakuhitaji kamusi kulijua hilo.

Pili ni hiyo kurudiarudia. Kiswahili kikirudia neno kuna kazi kinafanya. Mara nyingine kinapunguza, ukisema ugali una majimaji hujasema una maji. Mara nyingine kinatawanya, ukisema watu wamekaa wawiliwawili. Kwenye madoadoa na marakaraka kazi ni kutawanya. Ukisema shati lina madoa, nafikiria mchuzi umemwagika. Ukisema shati la madoadoa, nafikiria limetoka kiwandani hivyo. Tofauti ya silabi mbili na maana imegeuka kutoka uchafu ikawa pambo.

Na @Kisu_Kikali kuhusu kamusi, mtunga kamusi ana mistari miwili tu kwa kila neno, anakupa neno la jirani ili upate mwanga, hajasema ni neno lilelile. Wanaosoma Biblia wafungue Mwanzo sura ya 30 na 31, habari za Yakobo na mjomba wake Labani. Mshahara wa Yakobo ulikua wanyama wenye rangi za kuchanganyika, na wafasiri wa Kiswahili pale wametaja milia, na marakaraka, na madoadoa, yote matatu pamoja mstari mmoja. Mali ya mtu ilikua inagawanywa kwa maneno hayo, hii kundi lako, hii kundi langu. Kama yangekua neno moja wasingeyapanga matatu.

#6 Ustadh_Junior

Mkufunzi umenikumbusha madrasa. Kwenye Suratul Baqara kuna kisa cha yule ng'ombe ambaye Bani Israil walikua wanauliza sifa zake, yukoje, ana rangi gani, mpaka wakaambiwa ni wa manjano iliyokolea, hajalimishwa, hana rangi nyingine ndani yake. Ustadhi wetu alikua akifika hapo anatafsiri "hana baka wala kipaku." Nilikua mdogo nikamuuliza kwanini mara mbili, akanionyesha kwa mkono, kiganja kizima akasema baka, ncha ya kidole cha mwisho akasema kipaku. Mpaka leo nikisikia hayo maneno naona mkono wake.

#7 Fundi_Brashi

Mimi ni fundi rangi niko Mbagala, hilo neno baka ndo mkate wangu. Mteja akikupigia simu akasema ukuta una madoadoa unaenda na kitu kingine kabisa. Madoadoa ukutani ni ukungu, yale meusi madogo madogo ya bafuni na nyuma ya kabati, hayo unaosha na jiki unaacha hewa ipite kabla hujagusa brashi. Mabaka ni kitu kingine, ni rangi imekaa sehemu imekolea sehemu imefifia, sababu mara nyingi fundi hakupiga praima au skimu haikukauka, ukuta unanyonya rangi huku zaidi ya kule. Hayo hata upige koti nne yanarudi. Afu kuna la chini karibu na sakafu, unaona weupe kama unga na rangi inabanduka, hiyo ni chumvi inapanda na unyevu kutoka kwenye msingi. Wateja wote wanaita madoadoa. Sikuizi nawaambia nitumie picha kwanza.

Ila marakaraka nimelikuta kwenye kazi pia. Yale majengo ya zamani Kariakoo na Upanga sakafu zake ni terazo, vile vipande vya mawe ya rangi rangi vimemwagwa na simenti afu vikasagwa mpaka vikawa laini. Mzee aliyenifundisha kazi alikua haiti terazo, alikua anasema sakafu ya marakaraka. Nilikua sijajiuliza kwanini hadi leo.

#8 dada_wa_wodi

Naomba mniruhusu nilivute upande wa ngozi maana huku neno likikosewa ni hatari zaidi ya mbuzi.

Mtu anapiga simu anasema mtoto ana madoadoa. Mimi nesi kichwani nafikiria vipele, nafikiria surua, nafikiria tetekuwanga, nauliza ana homa? macho mekundu? Anakuja kituoni kumbe ni baka moja mgongoni analo tangu kazaliwa. Hilo afadhali. Kinyume chake ndo kinaniumiza, mtu ana baka mkononi miezi minane anaambiwa na majirani ni mba tu, paka dawa ya dukani. Mba ni fangasi, inatoa mabaka mepesi kifuani na mgongoni, ukikwangua kwa kucha inatoa kama vumbi la magamba. Mbalanga ni tofauti, ngozi inapoteza rangi inakua nyeupe kabisa, haina magamba, haiwashi na haiambukizi, naomba watu waache kuwakimbia wenye mbalanga. Na ukoma nao unaanza na baka, rangi yake imefifia au ina wekundu kidogo, ila lenyewe ukiligusa na pamba mwenyewe hasikii. Hapo ndo pa kushtuka. Dawa zipo, zinatolewa bure, mtu anatibiwa miezi 6 au 12 kutegemea aina na anapona, lakini akichelewa anakuja vidole vimeshaharibika.

Kwaiyo mkija kituoni semeni vizuri. Ni moja au ni mengi? Ni kubwa au ni madogo? Yana magamba? Yanahisi? Msiseme tu madoadoa.

#9 Mwana_Handeni (mleta uzi)

Dada hapo kwenye pamba nimejifunza kitu kikubwa, ubarikiwe.

#10 Nakuru_mvua

Mimi niko Nakuru, nimesoma hii thread yote na nimekaa nikifikiria kama niandike. Wacha niandike.

Huku kwetu madoadoa si neno la mbuzi tena. Tangu miaka ya 1990 kuna wanasiasa wamekua wakilitumia kwa watu. Wakisema "tuondoe madoadoa" hawazungumzi juu ya nguo, wanamaanisha jirani yako ambaye kabila lake si la hapo, kwamba shamba ni jeupe na yeye ni uchafu juu yake. Baada ya uchaguzi wa 2007 watu zaidi ya elfu moja walikufa na mamia ya maelfu wakatoka kwao. Mimi nilikua class six. Tulilala showground na mamangu, blanketi moja watu wanne, na nyumba yetu hatukurudi. Neno nililisikia kwa redio na kwa midomo ya watu wakubwa tuliokua tunawasalimia kila siku.

Januari 2022 kuna seneta alikamatwa sababu alilisema kwa mkutano Eldoret, na Aprili mwaka huo tume ya uwiano, NCIC, ikalitia kwa orodha ya maneno ya chuki. Wengi walilalamika eti wanaharamisha Kiswahili sanifu, neno liko kwa kamusi, mtoto anasoma chui ana madoadoa. Naelewa hiyo hoja. Lakini ukishalisikia usiku ule huwezi kulisikia tena kama la chui.

Na nikisoma vile mama yake mwenye uzi anasema, naona hata mbona walichagua hilo. Madoadoa lazima kuwe na rangi ya chini, kuna mwenyewe na kuna doa. Doa linaweza kutolewa. Marakaraka huwezi kutoa kitu, ukitoa hakuna ngozi inabaki. Nakuru tuko marakaraka. Sijawahi kulijua hili neno hadi leo na nimefurahi kulijua.

#11 Mkufunzi_K

@Nakuru_mvua asante kwa kuandika. Nimesoma mara tatu. Doa katika Kiswahili limebeba lawama tangu zamani, tunasema jina lake limetiwa doa, ndoa imeingia doa. Hatusemi jina limetiwa baka. Uliyosema kuhusu rangi ya chini nitawapelekea wanafunzi wangu kesho asubuhi.

#12 Kisu_Kikali

Dada wa Nakuru umenibadilisha. Nilichosema pale juu kwamba neno lolote likieleweka limefanya kazi nakiondoa.

#13 Mpwani_Kilindoni

Assalam aleikum. Mie nipo Mafia. Nyie mmekaa na mbuzi tu, baharini huku ndiko kwenye mambo hayo.

Papa potwe mnamjua? Samaki mkubwa kuliko wote, mpole, hana madhara na mtu, msimu wake hapa Oktoba mpaka Machi watu wanakuja kutoka nchi za mbali kuogelea naye. Mgongo wake ana madoadoa meupe na katikati ya madoadoa kuna mistari, kama bao la drafti. Wenzetu wa upande wa Kenya wanamwita papa shilingi, wazee wanasema Mungu alipomuumba akampenda mpaka akammwagia shilingi za fedha mgongoni. Wataalamu wanampiga picha ubavuni, nyuma ya mashavu, kwa sababu hakuna wawili wenye madoadoa yaliyokaa sawa, na programu wanayotumia kuwatambua walitoa njia yake kwa watu wanaosoma picha za nyota angani. Mie hilo nilipoambiwa nikaona sawa kabisa, maana ukimtazama toka juu ya ngalawa asubuhi maji yametulia unaona nyota kweli.

Huyo ndiye madoadoa. Sasa marakaraka ni pweza. Mke wangu anakwenda miambani kila bamvua, maji yakipwa sana, na kijiti chake. Anakwambia pweza kwenye shimo lake ana rangi ya jiwe hasa, utampita. Ukimgusa na ncha ya kijiti, kwanza anakuwa mweupe ghafla, halafu inamjia hudhurungi kama wingu linapita, halafu anapasuka marakaraka mwili mzima, nyeupe na nyeusi na nyekundu, zinatembea hazitulii mahali. Kwenye ngozi yake ana vifuko vidogo sana vya rangi, kila kimoja kina misuli ya kukivuta kikatanuka ama kukiacha kikanywea. Mke wangu hajui habari za vifuko, anajua tu kwamba pweza akishakuwa marakaraka amekasirika na dakika hiyo hiyo mvute, ukichelewa anashika mwamba humtoi.

#14 paka_wangu_ni_jike

Kwenye paka pia jamani. Yule paka wa rangi tatu, nyeupe nyeusi na chungwa, huyo ni marakaraka halisi na karibu kila mara ni jike. Daktari wa mifugo alinieleza kwamba jini ya rangi ya chungwa inakaa kwenye kromosomu X, dume anayo X moja kwaiyo anakua chungwa au hakuwi, jike anazo mbili, na katika kila seli moja inazimwa, hii huku inazimwa ile kule, ndo maana mwili unatoka vipande vipande. Weupe ni jini nyingine. Dume wa hivyo akipatikana ni nadra na kawaida hazai. Bibi yangu Korogwe alikua anajua bila daktari, ukimletea mtoto wa paka wa marakaraka anasema huyu wa kike hata hajamgeuza.

#15 Mstaafu_Kombati

Sare za jeshi ni mabaka, sio marakaraka wala madoadoa. Baka la kijani, baka la udongo, baka jeusi, kazi yake kuvunja umbo la mtu porini. Na mkumbuke 2023 jeshi letu JWTZ walitoa siku 7 raia wasalimishe mavazi yanayofanana na sare, kwaiyo ukinunua suruali ya mitumba angalia sana.

#16 jiko_la_mama_J

Jamani maharage mmeyasahau. Mi napika genge hapa Tegeta miaka tisa. Yale maharage yenye rangi ya maziwa na michirizi ya damu ya mzee, wenzetu Wakenya wanaita rosekoko, ukiyamwaga kwenye ungo ni marakaraka matupu, hakuna punje inafanana na mwenzake, mi napenda tu kuyachambua. Sasa yatie kwenye sufuria. Saa ya kwanza bado unayaona yalivyo. Yakianza kuvimba ile michirizi inalegea, inatoka kwenye ganda inaingia kwenye maji, maji yanakua kama rangi ya udongo, ukifunua tena yameshakua ya rangi moja yote, kahawia. Msichana wangu wa kazi wa kwanza alidhani nimebadilisha maharage.

Ya marakaraka ndo yanatoa mchuzi mzito. Sijui kwanini ila ndo hivyo.

#17 Shabiki_wa_porini

Kwa faida ya wanaoenda mbugani. Fisi wa kawaida anaitwa fisi madoa, kuna mwingine fisi miraba huyo ana milia, wazee waliwatenganisha vizuri sana. Duma ana madoa yaliyojaa, doa moja moja jeusi. Chui ukimsogelea utaona sio doa, ni vipande vimejikusanya mduara kama ua, katikati yake pamekolea kidogo. Twiga ni mabaka, wa kwetu Tanzania mabaka yake yamechanika pembeni kama jani la mzabibu, wa kaskazini mwa Kenya yamenyooka kama vigae na mistari myeupe katikati. Na mbwa mwitu ndo marakaraka wa porini. Nyeusi, manjano, nyeupe, vurugu tupu, na kila mmoja na yake, watafiti wanawajua kwa hizo.

Kanga ndege ana madoadoa meupe kwenye weusi, na vazi la kanga inasemwa lilipata jina kwake, vile vitambaa vya kwanza vya karne ya 19 vilikua na madoadoa meupe hivyo hivyo. Kina mama wanavaa jina la ndege kila siku na wengi hawajawahi kumwona.

#18 Ng'ombe_watano

Mleta uzi mbuzi anaendeleaje?

#19 Mwana_Handeni (mleta uzi)

Wakuu samahani nilipotea siku nne. Kwanza nawashukuru wote, nimemsomea mama uzi mzima kwenye simu jana usiku, ilichukua kama saa nzima maana kila mahali ananisimamisha. Kwa pweza alinirudisha mara mbili. Kwa dada wa Nakuru alisema "mwambie nimemuombea dua" kwaiyo @Nakuru_mvua nimefikisha. Yeye kuna moja kaniongezea. Anasema zamani mbuzi akipotea mtu hatangazi "nimepoteza mbuzi", anatangaza rangi, na akikosea neno anaweza kuletewa mbuzi wa mtu akaonekana mwizi. Kwaiyo watoto walikua wanafundishwa zizini, unaonyeshwa mbuzi unaulizwa huyu nani, ukikosea unarudia. Mimi nilifundishwa hivyo ila nilikua nimesahau kwamba nilifundishwa. Mpwa wangu hakuna aliyemfundisha, sisi wakubwa tulikua mjini.

Sasa la mbuzi. Juzi alfajiri nimesikia anahema nikatoka na tochi. Kazaa wawili, salama kabisa, mke wangu ndo alimpangusa wa pili. Nikampigia mama palepale kabla hata ya adhana.

Akauliza, "wakoje?"

Nikamwambia mmoja mweusi tii jike, mwingine dume ana madoadoa kama mama yake.

Akasema, "madoadoa? Umemwangalia?"

Nikachuchumaa nikamulika vizuri. Alikua bado mbichi, manyoya yameshikana. Shingo nyeupe inaingia kwenye kahawia, kahawia inashuka ubavuni inakutana na weusi, mguu wa nyuma mmoja una kijivu, na kwenye paji hapo ndo kuna vipaku vitatu. Nikageuza tochi nikatafuta rangi ya chini. Nikamwambia mama, sioni.

Akasema, "basi huyo ndo wa marakaraka niliyekupa mwanzo. Mlee. Na huyo kijana mlete kwako likizo aje amuone."

Nimemtumia nauli leo.